Cha Juu cha Nyumba ya Pasua

Tulimwacha Mwalimu Eliaichi kalamu ikiwa imeshagusa karatasi. Alikuwa ameandika herufi moja tu ya jina lake, E nzuri ya mviringo, pale mlango wa ofisi ya wakili ulipopigwa teke na sauti ya mwanamume ikanguruma:

"Usisaini!"

Kalamu ikasimama.

Aliyeingia alikuwa Julius, dalali wa nyumba na viwanja. Shati lilikuwa limemtoka kwenye suruali, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa mbili mbio. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa.

"Nyumba hii ni yangu!" akasema akihema. "Yaani kuiuza ni kwangu. Dalali mwingine haruhusiwi kuigusa."

Kabla hajaingia, ofisini walikuwa wanne. Mwalimu Eliaichi, mjane wa miaka sitini na minane kutoka Kirua Vunjo, ndiye mwenye nyumba. Brenda, mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Kwa Sadala, ndiye mnunuzi. Wakili Ebenezeri alikuwa nyuma ya meza. Wa nne alikuwa Filemon, dalali aliyewakutanisha, mwanamume wa viatu vya ncha na manukato ya kuumiza kichwa. Wakati huo alikuwa anamalizia sambusa ya pili.

Filemon hakusimama. Alilamba mafuta kwenye kidole gumba, akalamba na cha shahada, kisha akajifuta kwenye kona ya mkataba.

"Julius," akasema, "toka nje kistaarabu. Hapa watu wazima wako kazini."

"Kazi gani? Nyumba ya mtaa wa Pasua mimi ndiye niliyeiona kwanza! Mimi ndiye niliyeandika 'nyumba inauzwa' kwa rangi nyekundu ukutani!"

"Kumbe ni wewe uliyenichafulia ukuta?" akauliza Mwalimu Eliaichi.

Julius akajifanya hakusikia. Akakunjua karatasi yake juu ya mkataba wa watu.

"Haya ni makubaliano. Mwenye nyumba ananipa kazi mimi peke yangu, kwa asilimia kumi. Akiuza kupitia mtu mwingine, kumi yangu iko palepale. Na hapa chini amepiga dole gumba. Wakili, soma."

Mwalimu alivaa miwani yake taratibu. Akaiinua ile karatasi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa.

"Hili dole ni la nani?"

"La kwako, bibi. Ulipiga mwezi wa tatu."

"Julius, nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne. Nimewashika watoto mkono mmoja mmoja mpaka wakaweza kuandika majina yao. Mimi nipige dole gumba?"

Wakili Ebenezeri akakohoa. Macho ya Julius yakaanza kutangatanga ukutani.

"Basi labda siku ile ulikuwa unaumwa," akasema.

Filemon akacheka mpaka makombo ya sambusa yakamruka. "Jamani! Mtu anadai kumi kwa dole gumba lake mwenyewe!"

Hapo ndipo alipoharibu. Angenyamaza, Julius angeondoka na aibu yake. Lakini kicheko kile kilimchoma, na dalali aliyechomwa hana siri.

"Unacheka, Filemon? Mimi nimeghushi kumi, sawa. Wewe je? Cha juu chako, hicho ulichoongeza juu ya bei ya mwenye nyumba, ni shilingi ngapi? Waambie basi!"

Filemon akaacha kutafuna.

"Cha juu gani?" akauliza Brenda.

"Huyu amelewa, dada. Mwalimu, malizia kusaini, benki zinafunga."

Mwalimu Eliaichi akafunika kalamu. Akageuza kiti chake, kwa mara ya kwanza, akamtazama Brenda usoni.

Msomaji usishangae kwamba hawakuwa wamezungumza. Kwa wiki tatu Filemon aliwatenganisha kama ng'ombe wanaopigana. Mwalimu aliambiwa mnunuzi ni mwanamke wa majivuno asiyependa maswali. Brenda aliambiwa bibi huyu ana hasira za karibu, ukimtajia bei tu anafuta biashara. Wakakaa ofisi moja, hatua mbili kati yao, na hawakupeana zaidi ya shikamoo na marahaba.

"Mwanangu," akasema Mwalimu, "unanunua nyumba yangu kwa shilingi ngapi?"

"Si milioni sitini, mama? Ndivyo ilivyoandikwa." Brenda akasita. "Pamoja na ile ishirini na tano ya pembeni."

"Ya pembeni ipi?"

"Ile uliyosema isiandikwe kwa ajili ya kodi. Niliiweka juzi kwenye akaunti ya Filemon akuletee. Akaniambia umeipokea na umeshukuru sana."

"Nimeshukuru," Mwalimu akarudia.

"Na tano yake ya udalali nimeshampa pia."

"Hata mimi tulikubaliana nimpe tano," akasema Mwalimu Eliaichi, na sauti yake ikawa ndogo.

Mwanzoni yeye alitaka themanini. Filemon ndiye aliyezunguka ile nyumba akigonga kuta, akionyesha ufa, akitikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa asiyepona. Pasua hii, mama? Hali hii ya fedha? Sitini ukipata, piga magoti umshukuru Mungu. Na Mwalimu alipiga magoti kweli, kwa sababu nyumba ile ilikuwa inauzwa kwa jambo moja tu.

Jambo hilo ni Hellen, binti yake. Hellen alikuwa mpishi wa misafara ya watalii mlimani. Mwaka jana aliteleza kwenye mawe akavunjika nyonga. Tangu hapo anatembea kwa magongo na usingizi wake ni wa vidonge. Anahitaji kuwekewa nyonga ya bandia, na nyonga ya bandia haipatikani kwa kuuza maziwa ya ng'ombe wawili.

Filemon aliyajua yote. Siku ya kwanza alipofika Pasua aliombwa aseme sala. Alimshika Hellen mkono, akafumba macho, akaomba mpaka machozi yakamtoka.

"Filemon," akasema Mwalimu, "ni kweli?"

Dalali akavuta pumzi, akajinyoosha. Ukidhani alitahayari, humjui.

"Mama, tuongee kibiashara. Wewe ulikubali sitini, unapata sitini. Dada yangu hapa alikuwa tayari kwa themanini na tano, anapata nyumba. Nani ameibiwa? Cha juu si chako na si chake. Cha juu ni cha aliyetembea."

"Cha aliyetembea," akasema Brenda. "Wakati mwenye nyumba ana mtoto asiyeweza kutembea."

"Hayo ni mambo ya familia. Mimi siyaingilii."

Julius akaona nafasi. "Ishirini na tano! Kaka, basi tugawane, na mimi nitaichana hii karatasi."

"Nikugawie wewe kwa lipi? Nitakupa milioni mbili uondoke."

"Mbili? Tano!"

"Tatu, na ukafute rangi yako ukutani."

Wakaanza kupatana pale pale mbele ya mama mtu mzima, kama mbwa wawili wanaovutana utumbo nyuma ya bucha. Mate yaliwaruka. Brenda alifunika pua kwa kanga, maana jasho la mmoja lilikuwa limechanganyika na manukato ya mwingine. Chumba kilinuka.

Ndipo simu ya Filemon ikaita.

Ilikuwa mezani, kando ya sahani ya sambusa, karibu kabisa na mkono wa Mwalimu Eliaichi. Kwenye kioo kulikuwa na jina moja fupi, Godi. Chini ya jina, namba. Namba hiyo Mwalimu aliijua kwa moyo. Yeye ndiye anayeiwekea vocha.

Filemon aliruka. Brenda akamdaka kifundo cha mkono. Mwanamke anayepakia mikungu ya ndizi kwenye lori tangu ana miaka kumi na saba hashindwi na mkono wa dalali.

Mwalimu akabonyeza kitufe cha kijani, akabonyeza na cha spika.

"Kaka, vipi, bi mkubwa kashasaini?" Sauti ikajaa ofisi. Ilikuwa sauti ya Godbless, mwanawe wa kwanza. "Niko hapa chini kwenye gari, jua linaniua. Halafu ile nane yangu usije ukanizungusha, ee? Mimi ndiye niliyemshusha toka themanini mpaka sitini. Bila mimi asingekusikiliza."

Brenda alizidi kukikaza kile kifundo.

"Na akianza stori za Hellen usimwonee huruma. Hata akiwekewa nyonga ya dhahabu, atapanda mlima gani tena yule? Hela inayotupwa tu. Haloo? Kaka?"

"Godbless," akasema Mwalimu Eliaichi.

Upande wa pili zikasikika honi za bodaboda, mbali. Kisha sauti ya mtoto aliyefumaniwa:

"Shikamoo, mama."

Mwalimu Eliaichi hakuitikia. Katika maisha yake yote hajawahi kuacha shikamoo ya mtu hewani, hata ya mlevi aliyelala mtaroni. Safari hii aliiacha. Akakata simu, akatoa leso kwenye mkoba, akaufuta ule mkono ulioishika simu, kidole kwa kidole. Alipomaliza aliikunja leso, akaitupa kwenye kapu la takataka la wakili.

Chini barabarani gari likawaka, likarudi nyuma kwa fujo, likaondoka.

"Wakili," akasema, "wewe ulijua?"

Ebenezeri alitazama mezani. "Mwalimu, mimi naandika ninachoambiwa."

"Watoto wangu wa darasa la kwanza walikuwa wanaandika wanachoambiwa. Lakini wao walikuwa wanauliza maswali."

Akauchukua mkataba wenye E moja na alama za mafuta. Akauchana mara mbili, akauchana tena.

"Pamoja na hayo," wakili akasema kwa sauti ya chini, "kuna ada yangu ya kuandaa mkataba. Ni laki tatu tu."

Brenda akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kile kinachomtoka mtu aliyefungua chungu cha mtori akakuta funza.

"Jamani ninyi watu, kuna mmoja kati yenu ambaye mama yake yuko hai?"

Brenda akafungua pochi, akatoa karatasi ndogo ya benki, akaiweka mezani na kuikandamiza kwa kiganja.

"Risiti hii hapa. Ina jina lako, Filemon, ina tarehe, ina milioni ishirini na tano. Irudishe sasa hivi kwa simu yako, au tushuke wote mpaka polisi ukawasomee hilo somo la cha juu."

Filemon akamtazama wakili. Wakili, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema jambo la maana:

"Rudisha. Risiti hiyo ni ushahidi."

Vidole vya Filemon viliteleza kwenye kioo cha simu mara tatu. Vilikuwa bado na mafuta. Hatimaye simu ya Brenda ikalia. Akasoma ujumbe, akakunja uso.

"Hii ni ishirini na tatu."

"Mbili... mbili zilitumika, dada."

"Umetumia milioni mbili kwa siku mbili? Umenunua nini?"

Macho ya Filemon yakashuka yenyewe mpaka kwenye viatu vyake, yakapanda haraka.

"Utaniandikia hapa kwamba unadaiwa mbili, pamoja na tano yako ya udalali," akasema Brenda. "Wakili ataandika anachoambiwa. Bure."

Na wakili akaandika. Filemon akasaini kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Mwalimu Eliaichi alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Filemon akamzibia njia mlangoni.

"Sikiliza, mama. Mnunuzi ni wangu, mimi ndiye niliyemtafuta. Mkiuziana nyuma ya mgongo wangu mtanilipa tu, hata iwe mahakamani."

"Ni kweli umemtafuta," akasema Mwalimu. "Hilo sikunyimi. Ungeniambia ukweli, ile tano yako ningekupa mkononi, na Jumapili ningekutaja usharikani kwa shukrani. Jasho nalilipa, Filemon. Wizi silipi."

"Basi hiyo nyumba mji huu haiuziki! Nitapeleka habari kwa madalali wote, kuanzia stendi mpaka Himo!"

"Peleka. Na siku moja utakapoona haya, hata ukipanda Kirua na jani la sale mkononi, lile la wazee wetu la kuombea msamaha, utakuta geti nimelifunga. Nipishe."

Akampisha. Nyuma yao Julius alisikika akiuliza kwa upole, "Kaka, na ile tatu yangu?" Kisha kiti kikaanguka, na kishindo cha watu wazima wawili wanaokabana makoo kikafuata. Wanawake hawakugeuka.

Kwenye ngazi, Brenda alimshika Mwalimu mkono. Walipofika kwenye kona walisimama.

"Mama, pole."

"Nimemzaa mimi," akasema Mwalimu Eliaichi. "Nilimnyonyesha miaka miwili. Nasikia kichefuchefu, mwanangu. Nasikia kama nimekula kitu kilichooza na bado kiko mdomoni."

Alilia kidogo, kimya kimya, kama wanavyolia wanawake wa mlimani, bila kuinama. Brenda alisubiri.

"Bei yako ya kweli ni ngapi?" akauliza baadaye.

"Themanini."

"Mimi nilijiandaa themanini na tano."

"Nimesikia. Lakini nilichotaka mimi ni themanini."

Wakashikana mikono pale pale kwenye ngazi. Biashara iliyocheleweshwa na madalali wiki tatu iliisha kabla bodaboda haijapita.

"Kesho tutatafuta wakili mwingine," akasema Brenda. "Leo nipeleke nikaione nyumba nikiwa na mwenyewe. Kila nilipokwenda na Filemon alinitoza elfu thelathini ya kuoneshwa, na chumba cha nyuma hakunifungulia hata siku moja."

"Cha nyuma ndicho cha Hellen. Twende. Nataka asikie kwa mdomo wangu kwamba hospitali sasa atakwenda."

Wakapanda pikapu ya Brenda, wakashuka Pasua. Njiani Mwalimu alianza kupata nguvu. Alionyesha duka ambako Hellen alikuwa anatumwa mkaa akiwa mdogo. Alieleza atakavyomuuguza Kirua akitoka hospitali, atakavyompikia kiburu cha ndizi na maharage, atakavyomwekea kitanda dirishani aone migomba. Godbless hakumtaja. Brenda alisikiliza na kuitikia, mpaka walipokata kona ya mwisho.

"Mama, kuna msiba mtaani?"

Mbele ya nyumba kulikuwa na lori. Geti liko wazi. Vijana wawili walikuwa wanashusha jokofu, na wa tatu alikuwa ameshaingiza magodoro. Kwenye baraza, pale Mwalimu alipozoea kuanika maharage, palikuwa na kochi jipya likiwa bado ndani ya nailoni.

Mwanamume mmoja mnadhifu, shati limechomekewa, aliwajia akitabasamu, mkono umenyooshwa.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, dada. Karibuni sana. Ninyi bila shaka ni majirani zangu. Mimi naitwa Praygod, nahamia leo."

"Unahamia wapi?" akauliza Mwalimu Eliaichi.

"Hapa. Nimeinunua nyumba hii. Nimelipa yote wiki iliyopita, milioni thelathini na mbili. Kwa kweli Mungu ni mwema, kwa bei hii Pasua hupati kitu."

"Umenunua kwa nani?"

"Kwa mwenyewe." Praygod akageuka kuelekea mlangoni. "Huyo anakuja."

Hellen alitokea kwenye kizingiti, magongo kwapani. Alikuwa amevaa gauni lake la safari. Begi lake lilikuwa limefungwa, liko miguuni. Alipomwona mama yake, uso wake ukawa wa kijivu kama jivu la jikoni.

"Hellen?" akaita Mwalimu Eliaichi. "Hellen mwanangu, huyu anasema nini?"

Hellen akaegemea kizingiti. Machozi yakamshuka mpaka kwenye mikono iliyoshika magongo.

"Nilichoka kusubiri," akasema. "Mama, nilichoka. Kila siku dalali, kila siku kesho. Nyonga inaniuma mpaka natamani kuikata. Gari la hospitali linakuja saa kumi na moja. Niache niende."

Tabasamu la Praygod likaanza kufifia. Akamtazama bibi aliyesimama getini, akamtazama Hellen, akamtazama tena bibi.

"Samahani," akasema taratibu. "Dada Hellen, huyu unayemwita mama ni nani? Si uliniambia mama yako mlimzika Kirua mwaka jana?"